Matanga ya Tutaona

Bobi alikufa Jumanne, na mpaka Alhamisi mjukuu wangu Milembe alikuwa hajatia ugali mdomoni. Amekaa kwenye ngazi ya nyuma, hapa hapa kwetu Mkuyuni, pale pale Bobi alipokuwa analala, ameshika mnyororo wa Bobi kama vile anayesubiri kufunguliwa ni yeye. Baba yake, ambaye nimemzaa mwenyewe kwa hiyo nina ruhusa ya kumsema, akatoka amefunga tai ya kazini, macho kwenye simu, akasema kwa ile sauti yake ya puani: "Mama, mwambie mtoto ale. Ni mbwa tu. Nitamletea mwingine." Nikamwambia, sawa baba, na wewe ukifa tutamwambia mkeo hivyo hivyo, ni mume tu, tutakuletea mwingine. Akaenda kazini bila kumaliza chai. Mkewe akacheka kwenye sinki, nilimsikia, ingawa alifungua maji.

Mchana wa siku hiyo akaingia wifi yangu Tereza, ametoka Igombe huko ufukweni, fimbo mkono huu, na mkono ule kakumbatia mfuko wa sato na kuni. Kuni, mwenzangu. Vipande vimefungwa kwa kamba ya katani, kaja navyo mpaka mjini kwenye nyumba inayopikia gesi. Mke wa mwanangu akamwamkia, "Shikamoo shangazi, karibu, na kuni za nini tena?" Tereza akaitikia marahaba, hilo la kuni akalipita kama hakulisikia. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye ngazi, akaziweka kuni miguuni pa Milembe, akasema, "Pole mwanangu. Tumesikia msiba, tumekuja." Halafu akaniangalia. Nami nikamwangalia. Tukacheka, sisi vikongwe wawili ambao meno yetu tukiyachanga hayajazi kinywa kimoja, tukacheka mpaka Tereza akashika ukuta. Milembe akainua uso umevimba: "Bibi, mnacheka nini na Bobi amekufa?" Ndipo nikakaa ngazi ya pili, nikamsimulia habari ya mwaka nilioolewa. Sasa ndiye huyu anayeiandika, maana mimi kalamu naijua kwa sura tu, hatujawahi kusalimiana. Mkikuta mahali kuna maneno ya kisomi, hayo ni yake.

Wazazi wangu siwaelezi. Walikuwepo, wakanizaa Kisesa, wakaniita Kabula kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha, wakapokea ng'ombe wa mahari, basi. Habari yangu inaanzia pale nilipoteremshwa kwenye nyumba ya mama mkwe wangu, Mama Nyangeta, mjane wa Kikerewe, huko huko Igombe ufukweni. Nyumba yenyewe imebanwa katikati ya mawe mawili makubwa kama punje ya hindi iliyokwama kwenye meno. Chumba cha mbele hakina dirisha, ukiingia mchana unasimama kwanza, unasubiri macho yako yakufuate. Chumba cha ndani ndicho alichopewa mume wangu Lameki na mimi, na kati yetu na mama ukuta wa udongo mwembamba hivi kwamba akigeuka kitandani na mimi nageuka, kwa adabu. Nje kuna jiko la nyasi, mafiga, na mtungi wa maji ambao kila asubuhi nilikuwa naujaza ziwani. Chakula ugali wa muhogo, mweusi, unavutika, na furu, vile visamaki ambavyo ukila lazima unyamaze, maana vina miiba kuliko nyama. Mimi nimezoea michembe, vile viazi vikavu vya kwetu, na maziwa ya mgando. Mwezi wa kwanza nilikonda mpaka kanga ikawa inanizunguka mara mbili.

Lakini njaa haikuwa shida. Shida ilikuwa mdomo. Mkamwana mwaka wa kwanza hana mdomo. Anasema "ee mama" na "hapana mama", hamtazami mkwe machoni, hacheki meno yakaonekana. Na mimi kwetu nilikuwa naigiza watu tangu sijaota meno ya pili. Nilikuwa namwigiza mjomba akiita ng'ombe, ng'ombe wanageuka, mjomba mwenyewe anageuka. Sasa nimefungiwa sauti zote zile tumboni, na kila siku zinaongezeka, maana kunyamaza kunafungua masikio. Tereza, ambaye alikuwa bado msichana wa nyumbani pale, ndiye peke yake aliyenichokoza. "Wifi, sema karibu." "Kalibu." "Ka-ri-bu." "Kalibu." "Jamani, kaka kaenda mpaka Kisesa kutuletea hii." Halafu anakimbia.

Kwa hiyo nikawa naongea na mbwa.

Alikuwa mbwa mzee, rangi ya kichuguu, sikio moja limesimama na lingine limelala, kama mtu anayesikiliza mambo mawili. Jina lake Tutaona. Kule ukiwa na neno na mtu na hutaki ugomvi, unampa mbwa jina, mbwa ndiye anakubebea neno. Tereza ndiye aliyenisimulia, tukiwa tunaanika dagaa kwenye jiwe. Baba mkwe wangu alipofariki, ndugu yake mdogo, ambaye sisi tulimwita Baba Mdogo Mazigo, hakulia. Alitembea. Alitembea kutoka kona hii ya nyumba mpaka kona ile, mguu mbele ya mguu, anapima, na waombolezaji wapo uani. Halafu akamwendea mfiwa, akasema kwa ile sauti yake ya polepole kama mtu anayekamua jipu la mwenzake: "Shemeji, pole. Ila mwanamke peke yake, na watoto wadogo, ufukweni hapa, nyumba hii itakushinda. Bora irudi kwenye ukoo." Mama Nyangeta macho makavu akamjibu neno moja: "Tutaona." Matanga yalipoanuliwa akaomba mtoto wa mbwa kwa wavuvi, akambandika jina hilo hilo. Na Mazigo anakaa jiwe la pili tu kutoka pale. Kwa hiyo kila jioni, miaka yote, wakati wa chakula mama anatoka mlangoni, anaita, "Tutaonaaa, njoo uleee," na Mazigo kule kwake anaweka tonge chini.

Watu wa pale walikuwa wanasema Mama Nyangeta ana moyo wa jiwe, mume kafa hakudondosha hata tone. Tereza alisema, "Angelia saa ngapi, wifi? Ukilia hufungui macho, na mtu anapima nyumba yako."

Huyo mbwa alikuwa na kazi zake. Asubuhi anashuka kupokea mitumbwi, kila mtumbwi anachukua furu mmoja, hachukui wawili, na hakubali kukosa. Wavuvi walimwita Bwana Ushuru. Jumapili analala mlangoni pa kigango, na Katekista Rwegasira akianza kuimba, naye anaanza. Rwegasira alikuwa Mhaya wa Bukoba, mtu msomi, anatembea na mwavuli hata kiangazi, na kila neno analitoa limepigwa pasi: "Ndugu wapendwa, kwetu Bukoba, mbwa, hahudhurii, ibada." Na baiskeli ya Mazigo, hiyo ndiyo ilikuwa raha yake. Mazigo akija kusalimia, akiiegemeza tu pale kwenye jiwe, Tutaona anatoka alikokuwa, anaizunguka kwa heshima, ananusa tairi la nyuma, analiacha, anakwenda la mbele, anainua mguu. La mbele tu. Mama alikuwa anasema, "Tutaona, wacha hiyo," kwa sauti ndogo sana ambayo hata mimi niliyekuwa karibu sikuisikia vizuri.

Mimi na yeye tulikuwa watu wa jikoni. Nikiwa nasonga ugali, yeye kalala mlangoni, namfanyia sauti zote za siku ile. Nafanya Rwegasira, anapiga miayo. Nafanya Mazigo, nywele za mgongo zinasimama. Nafanya Tereza, anapiga mkia. Siku moja nikamfanya mama. Nikajaza kifua, nikaita kidogo tu, "Tutaonaaa," na yule mzee akaruka, akaniangalia, akatoka nje akaangalia, akarudi akaniangalia tena, masikio yote mawili yamesimama kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nikacheka mpaka mwiko ukadondoka. Nyuma yangu mtu akakohoa. Mama Nyangeta amesimama mlangoni. Akaingia, akachota chumvi, akatoka. Alipofika nje ndipo akasema, bila kugeuka, "Mimi sivuti pumzi mwanzoni namna hiyo." Akaenda zake. Sikulala siku ile, nafikiria nimefukuzwa au nimesahihishwa.

Basi. Lameki akapata kazi ya kubeba matofali mjini, Mirongo, akawa analala huko huko na kurudi baada ya majuma na sukari na sabuni. Na asubuhi moja, yeye akiwa hayupo, mimi na Tereza tuko ziwani na mitungi, tukasikia kilio.

Nieleze hapo, maana watoto wa mjini hawajui. Kilio kikilia, hakuna anayeuliza. Unaacha jembe lilipo, unachukua kuni, unachukua unga kama unao, unakwenda. Ukifika huulizi swali. Mfiwa haulizwi. Unakaa, unalia, habari itakufikia yenyewe. Na kile kilio kilitoka kwa Mama Nyangeta, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akilia. Kwa hiyo kila mtu akapiga hesabu yake kichwani. Aliyekuwa mbali na nyumbani ni nani? Lameki.

Nilipopanda kutoka ziwani uani kumeshajaa. Wanawake wakanipokea mtungi kichwani kabla sijaushika vizuri. Mmoja akanivua hereni. Mwingine akanifunika kanga kichwani, wakanishika mabega huku na huku, "Pole mwanetu, pole, mdogo hivi, jamani, hata mwaka haujaisha." Nikaelewa. Sitawaambia nilichokisikia, nitawaambia tu kwamba kilichokuja kichwani ni viatu vyake. Alikuwa ameacha viatu vyake vya zamani chini ya kitanda na nilikuwa sijavifuta. Wakanivusha mlango, wakaniketisha kwenye jamvi chumba cha mbele, kwenye lile giza, miguu imenyooshwa, pembeni ya mama. Mama anayumba, mbele, nyuma. Mbele yake kuna kitu kimelazwa, kimefunikwa kitenge chake cha sikukuu. Wale wanawake wakainamisha vichwa, hawakutazama, wakatoka. Tereza akabaki nyuma yangu, analia kwa sauti.

Nikasubiri macho yangu yanifuate. Yakaja polepole. Nikaona kitenge. Nikaona kilichofunikwa ni kifupi. Nikasema moyoni, jamani, wamemleta kipande? Halafu nikaona, upande ule wa chini, kitenge hakikutosha. Kuna mkia.

Nilimfinya Tereza. Akaacha kulia ili alalamike. Nikamwonyesha kwa kidevu. Akaangalia. Mwenzangu, mimi sijawahi kushikwa na kicheko kama kile, kicheko cha mtu aliyerudishiwa mume kwa kuonyeshwa mkia. Tukaingia wote wawili chini ya ile kanga moja, tukaumana mikono, mabega yanaruka. Huko uani tukawasikia: "Wanavyolia maskini." "Mfunikeni vizuri." "Mjane mtoto vile, atazimia." Na kila wakisema, tunazidi.

Lakini hapo hapo, ndani ya kicheko, nikamwona. Sikio lile lililolala. Rafiki yangu wa jikoni. Kumbe usiku alikuja akalala mlangoni pa mama kama kawaida, na asubuhi mama alipofungua hakuinuka. Basi machozi nayo yakaja, yakachanganyika na kile kicheko, sikujua kipi ni kipi.

Nje baiskeli ikafika. Niliijua kengele yake. Na baada ya pole mbili tatu nikamsikia Mazigo, upande wa pili wa ukuta, ile sauti ya jipu: "Kijana kaenda. Mjane ni mtoto, atarudi kwao Kisesa. Shemeji ni mzee. Sasa mnaona wenyewe, ndugu zangu, bora nyumba irudi kwenye ukoo." Na nikasikia hatua. Kona hii mpaka kona ile. Mguu mbele ya mguu. Mama alikuwa anayumba, akaacha kuyumba.

Kabla hajasema kitu, Rwegasira naye akafika, akafunga mwavuli, akajisafisha koo. "Ndugu wapendwa. Tumekusanyika, kumwombea, kijana wetu, Lameki."

"Lameki kafanya nini?" Mama ndiye aliyeuliza, kutoka gizani. Akainuka. Akamkumbatia mbwa wake ndani ya kitenge, akamtoa nje kwenye jua, akamlaza katikati ya watu. "Lameki yuko Mirongo anabeba matofali. Aliyekufa ni huyu." Akafunua.

Sikio moja limesimama. Hata kufa kwake alikuwa bado anasikiliza.

Rwegasira alitazama kitabu chake cha sala, akakitia kwapani taratibu, kama anakificha kisione. Mimi nilikuwa mlangoni, kanga kichwani, na nilitaka kupiga vigelegele kwamba mume wangu ni mzima, lakini nikaona nyuso za watu. Wamevunja siku yao. Wameacha mashamba, nyavu, watoto. Wameleta unga. Wamelia. Na Mazigo akaona mlango umefunguka. "Mnaona," akasema. "Mmemwona mtu huyu. Mume wake, ndugu yangu wa tumbo moja, hakumlilia. Leo anatukusanya kulilia mbwa. Sasa shemeji, sikia mbele ya watu hawa wote. Siku ukifiwa na mtu, usituite. Utazika mwenyewe." Na wanawake wawili wakaanza kufunga kanga zao kiunoni, namna ya mtu anayeondoka. Wengine wakafuata.

Milembe aliniuliza hapo, "Sasa bibi, si waondoke tu?" Hapana mama. Mtu wa pale akitishwa hivyo na watu wakaondoka, amekwisha. Nyumba ambayo haiendewi msibani si nyumba, ni jiwe la tatu kati ya yale mawili. Angehama tu, na nyumba ingekwenda kwa Mazigo bila hata kuipima. Mama Nyangeta alilijua hilo. Alikuwa amesimama pale, midomo inatafuta neno, na lile neno lake moja limelala chini kwenye kitenge.

Kilichowachelewesha ni kuni. Kuni za msiba hazirudi nyumbani, ukizirudisha umebeba msiba kuupeleka kwako. Na zilishatiwa moto, sufuria zimeshabandikwa. Wakawa wamesimama, mguu mmoja wa kwenda na mmoja wa kubaki. Ndipo Tereza, yule yule wa ka-ri-bu, akapaza sauti kutoka nyuma yangu: "Msiba hauvunjwi kabla mtani hajasema."

"Mtani gani?" akauliza Mazigo.

"Huyu hapa. Si nyie mmemfunika kanga?"

Na kweli. Ukoo wetu wa Kisesa na ukoo wao ni watani tangu zamani, tangu babu zetu na babu zao waliponyang'anyana ng'ombe mpaka wakachoka, wakaona heri wachekane. Na kazi ya mtani msibani kila mtu anaijua. Anamwigiza marehemu. Anavaa nguo zake, anatembea kama yeye, anadai alichokuwa anadai, mpaka wafiwa wacheke, ndipo marehemu aende. Lakini mimi ni mkamwana. Mkamwana hana mdomo. Nikamtazama mama. Kwa mara ya kwanza mwaka ule nikamtazama machoni, naye akanitazama, na akanitolea kidevu hivi, kidogo tu, kama mtu anayeonyesha chumvi iliko.

Nikatupa kanga. Nikashuka chini kwa miguu minne.

Nikaenda kwanza kwa wavuvi, nikawanusa magoti, nikamsimamia wa kwanza nimemkazia macho. Akavumilia, akavumilia, mwisho akapapasa mfukoni kutafuta furu. Mtu mmoja nyuma akasema, "Bwana Ushuru." Nikaenda kwa Rwegasira, nikakaa chini mbele yake, nikafumba macho nusu, nikasubiri. Akasogea, nikasogea. Akasafisha koo kwa mazoea tu, na mimi nikainua shingo nikalia ule mlio mrefu wa Jumapili, na ndani yake nikatia maneno yake mwenyewe yaliyopigwa pasi, na kigango kizima kikamgeukia. Akaziba mdomo kwa kitabu. Mwavuli ukawa unatikisika. Wanawake wakaanza kuguna. Mimi nikatega sikio moja, nikalaza moja, nikaangaza huku na huku, nikaiona baiskeli.

Nikaizunguka kwa heshima. Uani kimya, hata moto ulinyamaza. Nikanusa tairi la nyuma. Nikaliacha. Nikaenda la mbele. Nikamgeukia Mazigo nimtazame vizuri, na mimi mke wa watu, mkamwana wa Kisesa, nikainua mguu.

Kile kicheko kilifika ziwani. Nawaambia kilifika, maana mitumbwi ilirudi kuuliza. Watu walikaa chini wenyewe bila kuambiwa. Mama mmoja alimkumbatia mwenzake ambaye walikuwa hawasalimiani. Na Mazigo anasema, "Adabu iko wapi? Adabu iko wapi?" lakini mtani hana kosa msibani, ukimkasirikia umekosa wewe, na hilo alilijua, kwa hiyo alikuwa anaiulizia adabu kwa ile baiskeli.

Mimi nikarudi kwa miguu minne mpaka pale kwenye kitenge, nikasimama wima, nikajaza kifua. Hapana. Sikujaza kifua. Nilikumbuka. Nikaacha sauti itoke bila pumzi, kama anavyoitoa mwenyewe: "Tutaonaaa, njoo uleee."

Mama Nyangeta alikuwa anacheka kama wengine, kashika kiuno. Akasikia sauti yake ikimwita mbwa wake. Akakaa chini polepole. Na kilichotoka hapo hakikuwa cha mbwa tena. Alimtaja mume wake jina. Jina la utotoni, ambalo hata Tereza hakulijua. Alilia kilio ambacho alikuwa amekikalia miaka yote ile, na safari hii hakuna aliyekuwa anapima nyumba. Wale wanawake wakakitambua. Waliofunga kanga wakazifungua, wakaketi kumzunguka, wakalia naye, kilio kizuri, cha haki yake. Rwegasira akavua kofia. "Mimi, sitasali," akasema. "Kanisa, haliruhusu. Nitasimama, tu." Akasimama. Alisimama mpaka Tutaona akafukiwa nyuma ya jiko, na udongo wa kwanza aliutupa yeye.

Mazigo aliondoka akiikokota baiskeli. Hakuipanda. Tulibaki tukila, unga ulikuwa mwingi, na wavuvi wakaleta sato wazima, si furu. Jua likiwa linashuka, tukasikia mwanaume analia njiani. Lameki. Huko Mirongo kaambiwa kwao kuna msiba, kaacha matofali, katembea, kaona moshi na watu, kajua ni mama. Anakuja na sukari yake kifuani, "Mama yangu, mama yangu," na mama yake anatoka mlangoni na bakuli: "Unalia nini wewe? Nawa mikono." Alisimama hivi, mdomo wazi. Akanitazama mimi, sina kanga, nina vumbi magotini na viganjani. Akauliza, "Na wewe umefanyaje?" Mama akajibu kabla yangu: "Muulize mwenyewe. Kuanzia leo anaongea."

Na nimeongea mpaka leo, kama mnavyoona. Habari ya nyumba kurudi kwenye ukoo hatukuisikia tena, maana Mazigo akipita tu, watoto wa pale walikuwa wanabweka. Miaka ilipita, mama akafa kwa uzee wake, na ufukwe mzima ulikuja, kuni zilijaa mpaka tukakosa pa kupita. Mtani nilikuwa mimi. Nilisimama pale mlangoni, nikaita mbwa.

Nilipofika hapo Milembe alikuwa amelaza kichwa kwenye mapaja ya Tereza. Tereza akasema, "Haya, kuni hizi hazirudi Igombe." Tukaziwasha uani, mawe matatu, kwenye hii nyumba ya gesi, tukabandika sato. Majirani wakaona moshi, wakaja mmoja mmoja, na kila mmoja akawa na lake la Bobi: aliyeibiwa soksi, aliyesindikizwa mpaka sokoni. Jioni baba yake Milembe akarudi, akasimama getini. "Kuna nini hapa?" Hakuna aliyemjibu. Mfiwa haulizwi.

Milembe akainuka. Akaenda mpaka mbele ya baba yake, akashika kiganja chake kama simu, akakiangalia, akakaza shingo kama vile kuna tai, akajaza kifua, akasema kwa puani: "Mama, mwambie mtoto ale. Ni mbwa tu."

Mwanangu akakitazama kile kiganja. Nilidhani atakasirika. Halafu midomo ikamcheza, akalegeza tai, akakaa kwenye ngazi ile, pale pale. Akasema bila simu, "Alikuwa ananisubiri kila jioni hapo getini. Leo nimefungua geti polepole nisimgonge." Watu wakacheka, naye akacheka, akafuta macho kwa ile tai. Milembe akakaa chini, akavuta sahani, akakata tonge.

Nikamsubiri amalize kumeza. Nikamwambia, "Baba yako havuti pumzi mwanzoni namna hiyo."